Uwezo wa Barabara Hupimwa Kituoni: Somo la Usanifu wa Vituo vya Mabasi kwa Misungwi

Na Mwandishi Wetu, Misungwi

KWA miaka mingi, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba alifahamu kuwa safari yake ingeamuliwa na kivuko cha Kigongo, wilayani Misungwi. Basi liliweza kuondoka Mwanza alfajiri na kufika ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza bila tatizo lolote. Likifika hapo lilijiunga na foleni, abiria wakateremka na kila mmoja akasubiri zamu yake. Vivuko vya MV Misungwi, MV Mwanza na MV Sengerema vilivusha watu na magari, lakini sehemu kubwa ya muda haikutumika majini. Ilitumika nchi kavu, katika kusubiri, kupakia na kushusha.

Tarehe 19 Juni, 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi, wilayani Sengerema. Daraja hilo lina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45, na linavukwa kwa gari katika dakika chache. Foleni ya kivuko imebaki katika kumbukumbu.

Hata hivyo, kuondoka kwa foleni hiyo kunaacha swali ambalo wananchi wa Misungwi na wasafiri wa Kanda ya Ziwa wanapaswa kulifahamu. Mahali palipokuwa pakichelewesha safari pakishaondolewa, kikomo cha safari huhamia mahali pengine. Kwa usafiri wa umma, mara nyingi mahali hapo ni kituo cha basi. Makala haya yanaeleza jinsi umbo, ukubwa na mahali pa kituo vinavyoamua idadi ya abiria wanaoweza kusafirishwa, na kwa nini jambo hilo lina uzito kwa wilaya iliyo kwenye njia panda ya Mwanza, Shinyanga na Geita.

Barabara haina kasi kuliko vituo vyake

Watu wengi hupima uwezo wa barabara kwa upana wake. Barabara ya njia nne huonekana kuwa na uwezo mara mbili ya ile ya njia mbili. Kwa magari binafsi, dhana hiyo ina ukweli, kwa sababu gari dogo halisimami njiani kuchukua watu. Basi ni tofauti. Kazi yake ni kusimama, na kila linaposimama linashika nafasi ambayo basi jingine haliwezi kuitumia hadi liondoke.

Wataalamu wa usafiri hugawa muda huo katika sehemu mbili. Ya kwanza ni muda wa kusimama, yaani tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Ya pili ni muda wa kupisha, yaani sekunde ambazo basi hutumia kujiondoa kituoni na lile la nyuma kuingia. Ukijumlisha sehemu hizo mbili, unapata muda ambao basi moja huishika nafasi moja ya kusimama. Ukigawanya sekunde 3,600 za saa moja kwa jumla hiyo, unapata idadi ya juu ya mabasi ambayo nafasi hiyo inaweza kuyahudumia kwa saa.

Tuchukue mfano. Basi likisimama kwa sekunde 20 na kupisha kwa sekunde 15, nafasi hiyo itaweza kuhudumia takriban mabasi 100 kwa saa. Basi hilohilo likisimama kwa dakika tatu ili kungoja abiria, jumla inakuwa sekunde 195 na nafasi hiyo itahudumia mabasi 18 tu. Hizi ni hesabu za juu kabisa. Katika hali halisi mabasi hayafiki kwa vipindi sawa. Hupita dakika kumi bila basi, kisha yakaja manne kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo wasanifu hupunguza idadi hiyo ili kituo kisizidiwe. Lakini uwiano unabaki palepale: muda wa kusimama ukirefuka, uwezo wa njia nzima unashuka, hata kama lami ni mpya na daraja ni pana.

Ndiyo maana mfano wa kivuko cha Kigongo unafaa. Injini yenye nguvu zaidi isingeondoa foleni ile, kwa sababu muda ulikuwa ukipotea pale magari yalipopakiwa na kushushwa. Kituo cha basi nacho ni kivuko kidogo. Kinachohitaji kuharakishwa ni kuingia na kutoka kwa watu.

Mlango, nauli na kimo cha sakafu

Muda wa kusimama huamuliwa na mambo machache yanayoweza kupimwa: idadi ya abiria wanaopanda na kushuka, idadi na upana wa milango, namna nauli inavyolipwa, na kama abiria anapanda ngazi au anaingia akiwa usawa wa sakafu ya basi.

Tuendelee na mfano. Abiria 10 wanashuka na 20 wanapanda kwenye basi lenye mlango mmoja. Kila anayeshuka anatumia sekunde mbili na kila anayepanda sekunde tatu. Wanaopanda hawana budi kuwasubiri wanaoshuka, hivyo basi litasimama kwa sekunde 80. Sasa basi hilo liwe na milango mitatu mipana, sakafu yake iwe usawa wa jukwaa, nauli iwe imekwishalipwa, na kila mtu atumie sekunde mbili. Watu walewale 30 watamaliza ndani ya sekunde 20. Hapajaongezwa basi wala dereva. Kilichobadilika ni mlango na kituo.

Katika daladala zetu, konda hukusanya nauli wakati gari linatembea, jambo ambalo huokoa muda wa kupanda. Muda huo hupotea tena wakati wa kushuka, pale abiria anapodai chenji mlangoni huku wengine wakiwa nyuma yake. Mzigo nao una nafasi yake. Mchuuzi wa dagaa au mkulima mwenye gunia la mpunga hawezi kupanda kwa sekunde tatu, na kituo kinachojengwa kwa ajili ya Misungwi lazima kimhesabu mtu huyo kuwa abiria halali, si usumbufu.

Somo kutoka Dar es Salaam

Hapa nchini, mfano ulio wazi zaidi ni Mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka jijini Dar es Salaam, unaofahamika kwa wananchi kama mwendokasi. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 20.9, ilianza kutoa huduma Mei 2016 na kuzinduliwa rasmi Januari 2017 na Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli. Njia yake kuu inatoka Kimara kupitia Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilitunukiwa Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu kutokana na mradi huo.

Watu wengi wakiuzungumzia mradi huo hutaja njia maalumu za mabasi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya siri ya uwezo wake imo katika vituo. Abiria hulipa nauli na kupita getini kabla basi halijafika. Jukwaa limeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, kwa hiyo mzee, mama mjamzito na mtu anayetumia kiti mwendo huingia bila kupanda ngazi. Milango ya basi ni mipana na hufunguliwa kwa pamoja. Kwenye vituo kuna njia ya kupitana, hivyo basi la moja kwa moja halilazimiki kusimama nyuma ya linalosimama kila kituo. Njia zenyewe zimejengwa kwa zege, kwa sababu basi zito linalofunga breki na kuondoka mahali palepale mamia ya mara kwa siku huikunja lami na kuacha mabonde.

Mawazo hayo hayakuanzia Dar es Salaam. Mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza kutumia njia maalumu za mabasi mwaka 1974, na mwaka 1991 ukajenga vituo vyenye umbo la bomba, ambamo abiria hulipa kwanza na kisha kuingia kwenye basi kwa usawa mmoja. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ulizindua mfumo wa TransMilenio Desemba 2000. Ulichoongeza ni njia za kupitana na majukwaa kadhaa ndani ya kituo kimoja, na kwa hatua hiyo njia yake kuu iliweza kubeba zaidi ya abiria 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kiwango ambacho awali kilidhaniwa kuwa cha treni pekee.

Uzoefu wa Dar es Salaam unatoa pia tahadhari. Kituo kizuri hakiwezi kufidia upungufu wa mabasi. Abiria wa jiji hilo wameshuhudia, hasa asubuhi na jioni, majukwaa yakifurika pale mabasi yanapokuwa machache. Kituo huweka kikomo cha juu cha idadi ya watu wanaoweza kusafirishwa. Kukifikia kikomo hicho kunategemea magari ya kutosha na ratiba inayofuatwa.

Kwa nini nafasi tano hazifanyi kazi ya tano

Kituo kinapozidiwa, wazo la kwanza huwa ni kukirefusha ili mabasi mengi zaidi yasimame kwa wakati mmoja. Hatua hiyo husaidia, lakini si kwa kiwango kinachotarajiwa.

Mabasi yakijipanga kwenye mstari mmoja bila nafasi ya kupitana, lililomaliza kupakia nyuma haliwezi kuondoka hadi la mbele liondoke, na nafasi ya mbele ikiwa wazi, la nyuma halifiki kwa kuwa la kati limeziba njia. Miongozo ya usafiri wa umma inayotumika Marekani inakadiria kuwa nafasi mbili za namna hiyo hutoa uwezo wa nafasi 1.75. Nafasi tatu hutoa 2.45, nne hutoa 2.65, na tano hutoa 2.75 tu. Kwa maneno mengine, nafasi tano zilizopangwa mstari mmoja hazifikii kazi ya nafasi tatu kamili. Fedha zilizojenga nafasi ya nne na ya tano zimeongeza zege kuliko zilivyoongeza huduma.

Tiba yake ni kuzigawa nafasi hizo katika makundi mawili yaliyoachana, kila kundi likiwa na njia zake, na kuacha upana unaoliwezesha basi moja kulipita jingine. Kituo chenye makundi mawili ya nafasi mbili, moja kwa magari ya masafa mafupi na jingine kwa mabasi ya mikoani, kinaweza kuhudumia magari mengi kuliko kituo kimoja kirefu cha nafasi tano. Faida nyingine humfikia abiria: anajua mahali pa kusimama, na halazimiki kukimbia huku na huko akiwa na mtoto mgongoni kila gari linapotokea.

Kituo cha barabara kuu si kituo cha mjini

Misungwi haihitaji kunakili kila kitu kutoka Dar es Salaam. Hapa barabara kuu inapita katika miji midogo, vijiji na mashamba, na mabasi ya masafa marefu yanatumia njia moja na daladala, malori, bodaboda, baiskeli na mifugo. Kanuni za usanifu ni zilezile, lakini matumizi yake ni tofauti.

Jambo la kwanza ni kuchepuka. Mjini, ambako magari yanakwenda polepole, wakati mwingine ni vyema basi lisimame kwenye njia yake, kwa sababu likichepuka hupata shida ya kurudi barabarani. Miongozo tuliyoitaja inakadiria kuwa penye magari 100 kwa saa katika njia ya jirani, basi hupoteza takriban sekunde moja kusubiri nafasi ya kurejea. Penye magari 1,000 hupoteza takriban 15. Kwenye barabara kuu ya mikoani hesabu hiyo hubadilika, kwa sababu usalama hutangulia. Basi linaloruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Gari linalokuja nyuma ya basi lililosimama ghafla katikati ya njia lina sekunde chache tu za kuamua. Kwa hiyo hapa kituo cha kuchepuka ni cha lazima, tena chenye urefu wa kutosha wa kupunguza mwendo kabla ya kusimama na kuongeza mwendo kabla ya kurejea. Kituo kifupi humlazimisha dereva kuacha nusu ya basi barabarani, na hapo faida zote mbili, ya usalama na ya uwezo, hupotea.

Jambo la pili ni mahali pa kituo kwenye makutano. Njia panda ya Usagara, ambako barabara ya kwenda Sengerema na Geita inaachana na ile ya kwenda Misungwi mjini na Shinyanga, ni mahali pa asili pa abiria kubadilisha gari. Kanuni ya jumla ni kuwa kituo kiwekwe baada ya basi kupita makutano, si kabla yake. Basi lililosimama kabla ya makutano huwaziba madereva wanaotaka kukata kona na kuwanyima wengine nafasi ya kuona. Likisimama baada ya makutano, linaacha njia panda wazi, mradi tu kituo kiwe mbali kiasi cha kutosha ili foleni ya mabasi isirudi hadi kwenye makutano yenyewe.

Jambo la tatu ni kivuko cha watembea kwa miguu. Kwa kila upande wa barabara, basi linapaswa kupita kivuko kwanza, kisha lisimame. Hapo abiria aliyeshuka atavuka nyuma ya basi, mahali ambapo dereva wa gari linalofuata anamwona. Kivuko kikiwa mbele ya basi, mtoto wa shule huchomoza ghafla kutoka kwenye kivuli cha basi na kukutana na gari linalolipita. Kwa kuwa kila upande hufuata kanuni hiyo, vituo vya pande mbili havitazamani. Vinapishana, kivuko kikiwa katikati.

Jambo la nne ni maji na udongo. Sehemu kubwa ya nchi ya Wasukuma ina udongo mweusi wa mbuga, ambao masika huvimba na kunata na kiangazi hupasuka. Kituo kisicho na jukwaa lililoinuliwa wala mfereji wa kutoa maji hugeuka dimbwi mvua ikinyesha. Abiria huliacha dimbwi na kusimama juu ya lami, dereva naye huliepuka na kusimama barabarani. Hivyo mfereji uliosahaulika kwenye michoro hupunguza uwezo wa barabara kuu nzima kwa msimu mzima wa mvua. Zege mahali pa kusimama mabasi, jukwaa gumu, kivuli na njia ya maji ni sehemu ya kituo kama ulivyo mlango kwa nyumba.

Pale gari linapongoja kujaa

Usanifu peke yake hautoshi, na ni vyema kulieleza hilo kwa uwazi. Sababu kubwa ya daladala kusimama muda mrefu kituoni si idadi ya abiria wanaopanda, bali ni kungoja gari lijaze. Dereva wa daladala kwa kawaida humpelekea mmiliki wa gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, kinachoitwa hesabu. Akiondoka na viti vitupu, pengo hilo analiziba yeye na konda wake. Kumlaumu dereva bila kuuangalia utaratibu huo hakutatui tatizo.

Kinachoweza kufanywa na msanifu ni kutenganisha kazi mbili ambazo leo mara nyingi hufanyika mahali pamoja. Kungoja abiria ni kazi ya stendi, ambako kuna nafasi ya kutosha na gari linalosubiri halimzuii mwingine. Kushusha na kupakia ni kazi ya kituo cha njiani, ambako kila sekunde ina thamani. Stendi ya kisasa ya Nyegezi jijini Mwanza na ile ya Nyamhongolo wilayani Ilemela zimejengwa kwa madhumuni hayo kwa mabasi ya masafa marefu. Vituo vya njiani vinapogeuzwa kuwa stendi ndogo, kungoja kwa gari moja huyachelewesha yote yaliyo nyuma yake.

Bodaboda na bajaji nazo zinahitaji mahali pake. Hizi ndizo zinazomfikisha abiria kijijini kutoka barabara kuu, kwa hiyo kuzifukuza kituoni ni kumkatishia abiria safari yake. Zikijipanga ndani ya nafasi ya basi, basi husimama barabarani. Suluhisho ni eneo lake maalumu, hatua chache kutoka jukwaani, lisilohitaji kuingiliwa na mabasi. Kanuni hiyo inawahusu pia wafanyabiashara wadogo: meza ya matunda iliyopangwa nyuma ya jukwaa humhudumia msafiri, lakini ikipangwa juu ya jukwaa humsukuma barabarani.

Mahitaji yanayokuja

Umuhimu wa jambo hili utaongezeka. Juni 2021, Mheshimiwa Rais aliweka jiwe la msingi la ujenzi wa Reli ya Kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, katika hafla iliyofanyika Fela, wilayani Misungwi. Wananchi wameona tangu mwaka 2024 jinsi treni za reli hiyo zinavyosafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Treni huteremsha mamia ya watu kwa wakati mmoja, tofauti na basi. Kituo cha daladala kilichosanifiwa kwa ajili ya magari mawili yanayokuja moja moja hakiwezi kuwapokea watu hao, na muda uliookolewa relini utapotea nje ya geti la stesheni.

Anayeumia zaidi katika hali hiyo si mtu mwenye gari lake. Ni mgonjwa mwenye rufaa ya Hospitali ya Kanda ya Bugando anayepaswa kufika kliniki kabla ya saa mbili asubuhi. Ni mwanafunzi anayeachwa na magari matatu kwa kuwa kila moja linakimbilia abiria wa nauli kamili kabla halijaondolewa kituoni na lililo nyuma yake. Ni mchuuzi wa samaki ambaye bidhaa yake hupungua thamani kwa kila saa inayopita juani. Kwa hao, dakika kumi zilizopotea katika kila kituo kati ya Misungwi na Mwanza zinaweza kuzidi muda wote ambao daraja limewaokolea wenzao wa ng'ambo ya pili.

Wajibu wa taasisi na nafasi ya mwananchi

Kituo kimoja cha basi hugusa taasisi kadhaa. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na barabara za wilaya zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Leseni za usafirishaji, njia, nauli na ratiba za mabasi ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani husimamia sheria za barabarani, na Halmashauri hupanga matumizi ya ardhi, masoko na stendi. Kituo hufanikiwa pale taasisi hizi zinapokisoma kwa pamoja kikiwa bado mchoro, kwa kuwa kuhamisha mstari kwenye karatasi ni nafuu kuliko kuvunja zege.

Mwananchi ana nafasi katika hatua hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali halali pa kuuliza maswali kuhusu barabara inayopangwa au kukarabatiwa. Maswali ya msingi si mengi. Je, kituo kitakuwa kabla au baada ya makutano? Je, mabasi mawili yanaweza kusimama kwa pamoja, na moja kulipita jingine? Watu watavukia wapi, mbele au nyuma ya basi? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Bodaboda zitakaa wapi? Je, mtu anayetumia kiti mwendo anaweza kufika jukwaani bila kubebwa? Atakayeuliza maswali hayo mapema atakuwa ameisaidia Serikali na majirani zake.

Baada ya ujenzi, wajibu unabaki pia. Kuteremka mahali palipopangwa badala ya kumwamuru dereva asimame mlangoni pa nyumba, kuandaa nauli kamili kabla ya kufika, kuwapisha wanaoshuka kabla ya kupanda, na kutopanga biashara kwenye nafasi ya basi ni mambo yasiyohitaji bajeti. Kila moja hupunguza sekunde, na kama hesabu ilivyoonesha, sekunde hizo ndizo zinazoamua kama kituo kitahudumia mabasi 18 au 100 kwa saa.

Wakazi wa Kigongo wanalijua jambo hili kuliko wengi. Walikaa miaka mingi kando ya maji membamba wakiona jinsi mahali pamoja pa kusubiri panavyoweza kuifunga barabara ya mamia ya kilomita. Foleni ile sasa imekwisha kwa kazi kubwa na fedha nyingi za Watanzania. Kuizuia isizaliwe upya Usagara, Misungwi mjini au nje ya stesheni ya treni ni kazi ndogo zaidi, nayo huanza na mchoro sahihi wa kituo cha basi.